Siku Kuku Watakapogoma Kutaga

2 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu na za kaka yako, ambaye mgongo umepona na sasa analalamikia goti. Mimi mzima, ukiacha mafua ya kiyoyozi cha ofisini. Wewe je? Na mwanao Kidoti, bado anakula chaki? Nijibu la afya kabla ya mengine, maana una tabia ya kuniandikia kurasa mbili za kuku na mstari mmoja wa mwili wako.

Barua hii anakuletea Mama Trei. Nimeshaongea naye. Ananunua mayai kwako kila wiki na kuyauza huku kwetu, kwa hiyo hakuna atakayeshangaa kumwona getini. Barua atakuwa anazificha katikati ya trei mbili tupu. Ukimaliza kusoma, choma. Usijaribu kuficha. Mumeo ni mkaguzi wa ubora kiwandani na nyumbani pia, na mtu anayehesabu njiti za kiberiti hatashindwa kuona karatasi.

Sasa sikiliza. Simu yako anaisoma, najua. Lakini kompyuta ya mradi wa kuku amekuachia, na anataka ujaze hesabu ya mayai. Nimekutengenezea jedwali zuri kuliko lile lake. Kila asubuhi ukishaokota mayai, andika idadi kwenye kisanduku cha siku hiyo. Pembeni kuna grafu ya mstari inayojichora yenyewe. Mwambie dada anakusaidia kufuatilia utagaji. Takwimu ndiyo kazi yangu, kwa hiyo wala hutakuwa umedanganya. Jedwali hilo hilo mimi naliona nikiwa huku.

Kuku mia moja na ushei hawawezi kugoma kutaga wote siku moja. Basi siku utakapoona maisha yako yako hatarini, andika sifuri. Sifuri tu, usiongeze neno. Nitaona mstari umeanguka hadi sakafuni, na nitakuja na kaka bila kupiga simu na bila kumuuliza mtu.

Najua umecheka. Cheka tu. Lakini tangu siku ile ulipofungua mtandio ukanionyesha shingo yako, nakula chakula bila kukionja. Nakuogopea, mdogo wangu. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Dada yako


9 Februari

Shikamoo dada,

Afya kwanza, kama ulivyoamuru. Shingo imepona, usingizi ni wa kuibia ibia. Kidoti ameacha chaki, amehamia udongo. Mpe kaka pole ya goti, mwambie bado kiwiko.

Nilicheka kweli, halafu nikalia, halafu nikaenda kuokota mayai. Mkaguzi ameipenda grafu. Aliitazama akasema, "Hatimaye dada yako amefanya jambo la maana." Ila analinganisha. Juzi niliandika themanini na mbili, akaenda kuhesabu kwenye trei akakuta themanini na moja. Moja lilipasuka nikampa paka. Niliieleza habari ya paka kwa urefu ambao watu hawaelezei hata ajali ya gari.

Unaniuliza kila mara kwa nini siondoki. Dada, nikitoka mimi, Kidoti anabaki na baba yake. Akitoka mume wangu, geti linafungwa na ufunguo unakwenda naye. Siku ya Mama Trei huwa anakuwepo, amesimama pale kwenye ngazi, anahesabu. Ameyapanga vizuri sana, na hajawahi kusema hata mara moja kwamba amenifungia.

Watu wangemsikia wangesema nimeolewa na bahati. Hapigi kelele. Akikasirika hushusha sauti, anaongea kama mtu anayesoma risiti, mpaka inabidi nimsogelee nimsikie. Nikishasogea ndipo mkono unapokuja. Siku hizi akianza tu kuongea taratibu, mwili wangu unajua kabla yangu.

Kwa hiyo asante kwa sifuri yako. Nimeipokea. Asubuhi nikiandika namba yangu najisikia kama nimekupungia mkono.

Mdogo wako


24 Februari

Mdogo wangu,

Salamu. Mwili hauumwi. Ninachoumwa ni aibu, na kaka yako anazidi kuipaka chumvi.

Wacha nikueleze kilichotokea upande wangu, maana pale kwenu hatukupata nafasi ya kusemezana. Siku ile nilifungua jedwali nikakuta mstari umeanguka chini kabisa. Sikutazama namba. Laiti ningetazama ningeona kisanduku hakina sifuri wala chochote, ni kitupu. Nilichukua mkoba, nikamtoa kaka uvunguni mwa gari la mteja akiwa na grisi hadi kwenye nyusi, tukaja mbio. Njiani nilikuwa nachagua moyoni ni nani nitampigia simu kwanza kutoa habari za kifo chako.

Kumbe umeme ulikatika na kompyuta ikalala. Tukakukuta unaosha vyombo.

Na yeye, alivyotukaribisha! Viti, maji ya kunywa, "Karibuni sana, kuna tatizo?" Kaka unamjua kwa uongo. Eti tumekuja kununua mbolea ya kuku. Mbolea! Mtu asiye na hata ua kwenye kopo. Niliona mumeo anatabasamu na nikaona macho yake hayamo kwenye hilo tabasamu.

Kosa ni langu niliyeitengeneza grafu. Kisanduku kikiwa kitupu, grafu inaweza kufanya mambo matatu. Inaweza kukihesabu kuwa ni sifuri na kuangusha mstari. Inaweza kuukata mstari na kuacha pengo. Au inaweza kuruka na kuunganisha nukta ya jana yake na ya kesho yake, kama vile hakuna kilichokosekana. Mimi nilikuwa nimeiacha kwenye ile ya kwanza. Sasa nimeiweka kwenye kuunganisha. Umeme ukikatika, mstari utaruka siku hiyo na kuendelea na safari yake. Lakini sifuri ukiiandika kwa mkono wako itaanguka kama kawaida, na nitaiona.

Nisamehe. Niambie alikufanya nini tulipoondoka. Usinifiche.

Dada yako


8 Machi

Shikamoo dada,

Sijambo, Kidoti hajambo. Ile mbolea mmeifanyia nini? Niambie kaka ameanzisha shamba la matikiti gereji, nicheke kidogo.

Mlipoondoka hakunigusa. Afadhali angenigusa, ningejua limekwisha. Aliosha vikombe mlivyonywea, akavipanga, akasema taratibu, "Ndugu zako wana bahati. Wanahitaji mbolea siku ile ile umeme unapokatika." Nikasema ndiyo, bahati. Akasema, "Eeh." Tangu hapo hajalitaja. Ila kila jioni anakaa kwenye kompyuta yangu, anapandisha na kushusha jedwali kwa kidole. Na amenunua komeo jipya. Liko mezani kwenye mfuko wake, hajasema ni la mlango gani.

Dada, nina ombi. Usiunganishe mstari. Acha pengo lionekane. Najua umeme unakatika, na siku nyingine anakaa yeye kwenye kompyuta mpaka jioni nashindwa kujaza. Lakini nikikosa kuandika, nataka awepo mtu mmoja duniani atakayeona kwamba sikuandika. Huyu mstari wako unaoruka unanitia hofu. Unanipitisha hata siku ambazo mimi mwenyewe sijui kama nitazipita.

Au nasema upuuzi? Kukaa ndani kunamfanya mtu aongee na grafu.

Mdogo wako


17 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Huku tu wazima. Mbolea bado iko gereji na wateja wa kaka wanaziba pua.

Nililifanya ulilotaka. Niliweka pengo. Siku ya pili tu pengo likatokea, na mimi nikashindwa kazi. Bosi ananiuliza takwimu za visima, mimi natazama kitundu kwenye mstari wa mayai. Niliendesha gari mpaka nusu ya njia ya kuja kwenu, nikasimama kando ya barabara, nikajiambia nikifika tena bila sababu, mimi ndiye nitakayekuwa nimekuua. Nikageuza. Kesho yake ukaandika sabini na tisa, nikakaa chooni nikalia kwa furaha ya mayai sabini na tisa.

Siwezi, mdogo wangu. Nimerudisha kuunganisha. Lililo muhimu ni sifuri, na sifuri haipotei. Nikitoka kazini kitu cha kwanza ni kufungua grafu yako. Mstari umetulia, unapanda panda kidogo, na mimi nalala. Niruhusu nilale.

Uliza komeo ni la nini. Uliza kama mtu asiyejali.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Kidoti mzima. Mimi nina kifua, nikikohoa naona nyota, lakini napumua.

Niliandika sifuri. Uliiona?

Naandika taratibu ili nisiruke kitu. Asubuhi ile nilimkuta anafunga lile komeo. Alilifunga kwenye mlango wa chumba cha vifaranga, kwa nje. Nikamuuliza kama mtu asiyejali, kama ulivyonifundisha. Akasema ni kwa ajili ya panya. Chumba kile hakina dirisha, dada, kina tundu la hewa tu, na humo ndimo tunamoweka jiko la mkaa vifaranga wakiwa wadogo. Panya anapita chini ya mlango. Komeo la nje halimzuii panya.

Alipokwenda kazini nikaandika sifuri. Nikakaa karibu na geti kusikiliza gari la kaka. Nilikuwa nimeshamvalisha Kidoti viatu.

Aliyekuja ni yeye, mchana, kabla ya muda wake. Akafungua kompyuta. Akaenda kwenye trei, akahesabu, akarudi. Akasema, "Sifuri. Na mayai themanini na tano yako hapa." Nikasema nilikosea kubonyeza. Akasema takwimu chafu ni mbaya kuliko kukosa takwimu, akaifuta. Hakuandika themanini na tano. Akaacha kisanduku kitupu, akakaa pale anatazama geti. Alikuwa anangoja, dada. Alikuwa anataka kuona kama mtakuja. Jua likazama hamkuja, akanyanyuka, akasema, "Basi."

Kisha akaniambia vifaranga wanahisi baridi, nikawaongezee mkaa. Nilikwenda kwa sababu Kidoti alikuwa amekaa mapajani mwake. Nikasikia komeo.

Sijui ilikuwa muda gani. Nakumbuka nimelala mdomo ukiwa kwenye ufa wa chini ya mlango, na vifaranga wananipanda mgongoni, halafu wakaacha kupanda. Kidoti ndiye aliyenifungulia. Si kwa mkono wake, hafiki. Alikuwa anapiga mlango na kupiga kelele mpaka jirani yetu, fundi wa bomba, akaita kwa juu ya ukuta, "Kuna nini huko?" Ndipo Mkaguzi akafungua na kusema mbele ya watu, "Jamani, nilisahau."

Vifaranga wote wamekufa. Ameniambia niwaandike kwenye jedwali.

Kwa nini hukuja?

Mdogo wako


5 Aprili

Mdogo wangu,

Sitaandika salamu. Sina haki nayo.

Sikuiona. Nilipotoka kazini ilikuwa imeshafutwa. Nilifungua grafu nikaona mstari mmoja mzuri umetulia kwenye themanini na tatu ya jana yake, na kesho yake ukaruka hadi themanini, moja kwa moja, kama vile hakuna siku iliyokosekana. Jioni ile nikapika. Nikaoga. Wewe umelala na mdomo chini ya mlango, mimi naoga.

Leo nimefungua kumbukumbu ya mabadiliko, na iko pale. Sifuri, asubuhi. Imefutwa, mchana. Nilisema sifuri haipotei. Nilikuwa nafikiria umeme, sikumfikiria yeye. Uliniomba pengo nikakunyima ili nipate usingizi.

Nimeshaondoa kuunganisha. Mstari umekatika pale, na umekatika sehemu nyingine pia, kumbe siku za kukosa zilikuwa nyingi kuliko nilivyojua. Natazama vitundu hivi kimoja kimoja na kila kimoja kinaniuliza nilikuwa wapi.

Nilitaka kuja leo leo na polisi. Mama Trei ndiye aliyenishika mkono. Anasema jirani zako wamemsikia mumeo akisema ndugu zako wakirudi tena hawatamkuta mtu wa kumchukua. Na polisi wa huko, anasema, walishakwenda mara moja wakapewa viti na maji ya kunywa kama sisi. Kwa hiyo nangoja, na kungoja kunanimaliza. Mama Trei yuko tayari kukutoa na pikapu yake, wewe na Kidoti, siku yoyote ambayo mumeo hatakuwepo kwenye zile ngazi. Itafute siku hiyo. Uje kwangu moja kwa moja. Ufunguo wa akiba uko kwa jirani, yule fundi cherehani.

Na kama itashindikana na ukaandika sifuri tena, safari hii nimeiweka kompyuta inipigie kengele palepale. Hata kama itafutwa dakika hiyo hiyo, nitakuwa nimeshaiona. Nitakuja. Kaka akiwepo asiwepo, nitakuja, sitamsikiliza mtu.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, njoo unitukane ana kwa ana.

Dada yako


13 Aprili

Shikamoo dada,

Kifua kinapungua. Kidoti haniachi, hata chooni anakuja, anashika upindo wa gauni langu. Nimeshakusamehe, usilie tena chooni, watu wa ofisini watafikiri una tumbo.

Nina mambo mawili na yote ni ya haraka.

La kwanza, siku imepatikana. Jumamosi ijayo kiwanda chao kina wageni wa ukaguzi wa mwaka na lazima awepo. Hawezi kwenda na mtoto. Amesema Mama Trei akija nimhesabie mwenyewe, na atamwachia fundi wa bomba ufunguo wa geti afungue na kufunga. Fundi wa bomba hajasahau siku ile. Hanitazami usoni, lakini jana alipitisha mkono juu ya ukuta akampa Kidoti peremende, akasema kwa kunong'ona, "Mama, mimi ufunguo huwa nausahau mlangoni."

La pili ndilo linalonitisha. Usiamini sifuri tena. Nasema tena, dada, usiiamini. Jana alinikalisha mbele ya kompyuta kama mwalimu na mwanafunzi. Akashusha mpaka Februari, akaweka kidole kwenye kile kisanduku kitupu cha siku umeme ulipokatika. "Hapa kulikuwa hakuna kitu, na dada yako akaja." Akapandisha. "Hapa niliacha hakuna kitu, na hakuja. Kwa hiyo amebadilisha." Kisha akaniuliza, kwa ile sauti ya risiti, "Sasa hivi, nikiandika sifuri, atakuja?" Nikasema sijui unazungumzia nini. Akacheka. Akasema takwimu zangu zinaongea sana kuliko mimi.

Kwa hiyo nimeacha. Mimi sitaandika sifuri tena hata nikiwa nakufa. Ukiiona, jua si mkono wangu. Kaa nyumbani ningoje. Nitakuja kwa miguu yangu.

Mama Trei akipita kesho nitampa barua hii.

Mdogo wako


20 Aprili, Jumamosi

Dada,

Nimefika. Niko kwako, mezani kwako, na Kidoti amelala kitandani kwako na viatu vyake. Tumetoka salama. Ufunguo ulisahaulika getini kama fundi wa bomba alivyoahidi. Tulijilaza chini ya turubai, trei za mayai pande zote, na Mama Trei akalazimika kupitia mashamba mengine yote kama kawaida yake ili mtu asishuku. Ndiyo maana tumechelewa hivi.

Kumbe wewe haupo.

Barua yangu ya tarehe kumi na tatu ninayo mkononi. Pikapu iliharibika, Mama Trei hakupita wiki nzima. Nimekuja nayo mwenyewe leo kwenye trei. Hukuisoma. Hujui chochote nilichokuandikia.

Fundi cherehani anasema ulitoka mchana unakimbia, kiatu kimoja mguuni kingine mkononi, ukamwambia, "Imeanguka, imeanguka," ukaondoka na gari la kaka. Peke yako. Kaka yuko safarini kumpelekea mteja lori. Chai yako iko hapa mezani, umekunywa nusu. Kompyuta umeiacha wazi.

Naiona grafu, dada. Mstari umekatika katika kama ulivyosema, halafu leo umeanguka mpaka chini. Kisanduku cha leo kina sifuri. Mimi leo sijaandika kitu. Nilikuwa chini ya turubai. Amerudi mapema, hakutukuta, akakaa kwenye kile kiti akaandika sifuri. Hakutaka kunitafuta barabara zote. Ametaka aje mtu anayejua nilipo.

Nimekupigia kwa simu ya fundi cherehani mpaka amenihurumia. Inaita na haipokelewi. Nimempata kaka, amegeuza lori, lakini yuko mbali, alikuwa analia hata sikumwelewa maneno. Nimewapigia polisi nikawaeleza. Yule askari akauliza, "Kwa hiyo tatizo ni mayai?" Nikaeleza tena tangu mwanzo, taratibu. Amesema watatuma gari likirudi.

Mama Trei anageuza pikapu sasa hivi. Amekataa niende naye, amesema akinirudisha mimi atakuwa amempa alichotaka. Anakuletea barua hii. Atakuwashia taa akiona gari la kaka njiani. Ukiipata kabla hujafika, geuza. Ukiipata ukiwa getini, usishuke. Akikukaribisha kwa upole, akikupa kiti, usikae. Akianza kuongea taratibu usimsogelee, dada, tafadhali, usimsogelee hata kidogo. Mwambie nilipo. Mwambie tu, mwambie yote, mimi nitajua pa kukimbilia. Usinilinde.

Njoo unikute hapa nimekunywa chai yako.

Mdogo wako

Dada, nimefungua tena barua. Mama Trei ananipigia honi, naandika nimesimama. Nilikuwa natazama kompyuta na jedwali limetikisika mbele ya macho yangu. Mtu yuko ndani yake sasa hivi. Kishale chake kimesimama kwenye kisanduku cha leo, na ameifuta sifuri. Hakuandika namba nyingine. Sifuri imeshamfanyia kazi, haihitaji tena.

Kisanduku ni kitupu, na mstari umeishia jana.